Maabara imesema maji ni ya kawaida, wadudu wamesema sivyo: nani asadikiwe?

Swali

Mimi ni mwalimu wa biolojia katika shule ya sekondari wilayani Kasese, magharibi mwa Uganda. Klabu yetu ya mazingira ilikusanya viumbe wadogo wanaoishi kwenye sakafu ya kijito kinachopita karibu na shule, mahali pawili: juu ya senta ya biashara, na chini yake, baada ya mahali panapomenyewa kahawa na kuoshewa pikipiki. Juu tulipata kaa, efemeroptera (wadudu wachanga wa majini, mayfly kwa Kiingereza) wa aina mbalimbali, trikoptera (caddisfly) waliojijengea nyumba za changarawe, tunutu wa kerengende, mbawakawa wa maji na mabuu wa usubi. Chini tulipata mabuu wekundu kwa mamia, minyoo, ruba, konokono na efemeroptera wadogo wachache wanaoogelea. Maji yalionekana maangavu kote. Chupa ya maji ya chini tuliyoipeleka maabara imerudi na jibu kwamba maji ni ya kawaida. Tumsadiki nani? Je, tuwaambie wazazi kwamba maji ya juu ni salama kunywa? Na kwa nini hatukupata hata plekoptera mmoja (mdudu mwingine wa majini, stonefly kwa Kiingereza), ilhali kitabu tulicho nacho, kilichoandikwa Ulaya, kinasema huyo ndiye alama ya maji safi?

Jibu

Mwalimu, nianze na mvutano kati ya maabara na wadudu, kwa kuwa ndio wenye uzito na mengine yote yanauegemea. Inawezekana kabisa kwamba pande zote mbili zimesema kweli. Chupa inaeleza maji yaliyokuwa yakipita pale mlipoizamisha, saa ile mlipoizamisha, basi. Viumbe wa sakafu ya mto wameshinda na kulala humo kwa wiki na kwa miezi, wala hawana pa kukimbilia maji yanapoharibika usiku. Asiyeweza kuvumilia hufa, au huachia jiwe akachukuliwa na mkondo, na nafasi yake hubaki tupu hata kama kufikia asubuhi maji yamekwisha kuwa masafi.

Fikirieni jinsi kahawa inavyomenywa. Wakulima huchuma mchana kutwa, mizigo hufika kituoni alasiri, na kwa kuwa tunda lisipomenywa siku ileile huanza kuchacha na kuiharibu ladha ya kahawa, mashine hunguruma jioni hadi usiku. Maji yanayotoka hapo yamebeba maganda pamoja na ule ute mtamu unaoizunguka punje. Ute huo umejaa sukari, na bakteria wakiipata sukari huongezeka upesi na kuitumia oksijeni iliyoyeyuka majini, tena katika saa za giza ambapo mwani na mimea ya majini haitengenezi oksijeni yoyote, bali nayo inaitumia. Saa nne asubuhi, mwalimu na wanafunzi wanapofika na chupa yao, maji yale ya usiku yamekwisha kuteremka mbali kuelekea ziwani. Hata bila kahawa, vijito vya sehemu zetu za chini havina akiba kubwa ya oksijeni: maji ya nyuzi 25 za Selsiasi yaliyo kwenye usawa wa bahari huweza kushika takriban miligramu 8.3 kwa lita, lakini kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, ambako mgandamizo wa hewa ni mdogo zaidi, kiasi hicho hushuka hadi karibu 7.

Kwa hiyo irudieni ile karatasi ya maabara na mtazame ilipima nini hasa. Ripoti ninazoletewa mara nyingi huwa na pH (kipimo cha asidi), rangi, kiasi cha tope na naitreti, na vyote hivyo vinaweza kuwa vya kawaida kabisa katika maji ambayo usiku uliotangulia hayakuwa na oksijeni ya kumtosha hata samaki mdogo. Oksijeni hupimwa palepale kijitoni, au sampuli hutiwa kemikali za kuizuia isibadilike palepale. Chupa iliyosafiri kwa bodaboda ikitikisika njia nzima haina tena la kusema juu ya jambo hilo. Kipimo ambacho kingewafaa zaidi ni kile cha oksijeni inayohitajiwa na bakteria, ambapo maji hufungiwa gizani kwa siku 5 katika nyuzi 20 na oksijeni yake kupimwa mwanzoni na mwishoni. Kama hakimo kwenye karatasi yenu, basi maabara haikukanusha ushahidi wa wadudu, haikuulizwa.

Sasa tulisome sinia lenu la chini. Mabuu wekundu ni wa jamii ya kironomidi, ambao wakikomaa huwa wadudu wanaofanana na mbu lakini hawaumi. Wekundu wao unatokana na himoglobini, kitu kilekile kinachoitia damu yetu rangi, na ndicho kinachowawezesha kuikamata oksijeni hata ikiwa haba sana. Mkimwacha mmoja kwenye kijiko cha maji mtamwona akijikunja na kujikunjua upande hadi upande pasipo kusonga mbele. Ndivyo anavyoyasukuma maji yapite mwilini mwake. Angalizo hapa: si kila kironomidi ni mwekundu. Wapo wengi weupe na wa kijani wanaoishi katika maji mazuri, kwa hiyo wahesabuni mbali, wala msiwatie wote katika kapu moja. Minyoo wenu nao huzika kichwa ndani ya tope na kuupunga mkia juu kutafuta oksijeni, na konokono wengi wa aina ambayo yaelekea mmeipata wana pafu, hivyo hupanda juu kuvuta hewa yetu hii. Kwa ufupi, karibu kila mkazi wa upande wa chini ana namna yake ya kuishi penye uhaba wa oksijeni.

Waliokosekana wanasema vilevile. Nendeni upande wa juu, mnyanyue jiwe kutoka kwenye maji ya kasi na kuligeuza polepole. Mtamwona efemeroptera wa jamii ya heptajenidi: mwili bapa uliolala kabisa juu ya jiwe, macho yaliyo upande wa juu wa kichwa, mikia mitatu, na kila ubavu wa tumbo safu ya matamvua membamba ya kupumulia yanayopepea, akiguswa hukimbia kiubavuubavu kuelekea upande wenye kivuli. Matamvua hayo yako nje, hayana kifuniko, na yanategemea mkondo uyapitishie maji yenye oksijeni. Huyu hawezi kustahimili usiku mmoja wa maji mabovu kama ule niliouelezea, achilia mbali msimu mzima. Wale efemeroptera wadogo wanaoogelea mliowapata chini ni wa jamii ya baetidi, ambao baadhi yao ni wavumilivu na wepesi wa kurudi, kwa kuwa katika joto letu hukamilisha makuzi yao kwa wiki chache tu. Msiwachanganye hawa wawili, kwa maana jina lao ni moja na ushahidi wao ni tofauti.

Kwa kuwa mko Kasese, najua swali litakalofuata: vipi kuhusu shaba? Mgodi wa Kilembe ulichimba shaba kuanzia mwaka 1956 hadi 1982, mabaki ya uchenjuaji yakaachwa katika bonde la Mto Nyamwamba, na mafuriko, yakiwemo yale makubwa ya Mei 2013 na Mei 2020, huyala mabaki hayo na kuyasambaza chini. Madini ya namna hiyo huacha alama nyingine kabisa. Uchafu wa chakula, uwe wa kahawa au wa vyoo, huleta viumbe wengi wa aina chache, kwa sababu wavumilivu wanapata karamu bila washindani. Madini yenye sumu huleta viumbe wachache wa aina chache, kwa sababu hakuna anayekula vizuri hapo. Heptajenidi huwa miongoni mwa wa kwanza kutoweka, ilhali trikoptera wanaotega nyavu na baadhi ya kironomidi wasio wekundu hubaki; mawe huwa hayana utelezi au yana ngozi ya rangi ya kutu, na maji huweza kuwa maangavu mno. Tena, maji ya milima ya Rwenzori, yanayotoka kwenye miamba isiyo na chokaa nyingi, ni laini, na katika maji laini shaba huwadhuru viumbe zaidi kuliko katika maji magumu. Mabuu wenu mamia kwa mamia wananielekeza mbali na shaba. Wananielekeza kwenye kahawa, au kwenye vyoo vya senta, au vyote viwili. Mkirudi, tazameni kama mawe ya hapo yana nyuzinyuzi za kijivu zinazopepea kama pamba iliyoloa. Hizo ni bakteria na kuvu wanaokula uchafu, nazo zingeongezea uzito hoja hii.

Hata hivyo, kabla hamjamnyoshea kidole mwenye mashine, kuna jambo moja ambalo hamkuniambia na ambalo lingeweza kuyabomoa yote niliyoyasema: sehemu zile mbili zilifanana? Kama juu mlikusanya kwenye mawe na maji ya kasi, na chini mkakusanya kwenye kidimbwi cha tope kwa sababu ndipo palipokuwa rahisi kuingia, basi tofauti yenu huenda ni ya mawe na tope tu. Heptajenidi hakai kwenye tope hata kama maji yametoka moja kwa moja kwenye barafu ya mlima. Ni lazima mlinganishe mawe kwa mawe, kasi kwa kasi, na ikiwezekana kivuli kwa kivuli, kwa wavu uleule wenye matundu ya milimita 1, mkiyachokoa mawe kwa miguu kwa muda uleule. Wataalamu wa Afrika Kusini, ambao njia yao nitaieleza hivi punde, hutumia dakika 2 kwenye mawe yasiyoshikamana. Vaeni gambuti, na wanafunzi wasiingie pekupeku kwenye sehemu zilizotulia zenye konokono, maana wapo miongoni mwao wanaobeba kichocho.

Tope lenyewe linastahili kutajwa, na hapa natoa maoni yangu: katika vijito vya milima ya Rwenzori na Elgon ninaamini udongo unaoporomoka kutoka mashamba ya miteremkoni unawaua viumbe hawa wengi zaidi kuliko sumu yoyote ya kiwandani. Udongo huziba nafasi zilizo kati ya mawe, ambazo ndizo nyumba zao, na kuyafunika mayai. Hakuna chupa itakayouonyesha siku ya jua, kwa sababu wakati huo udongo umeshatua na maji yameng'aa. Ingizeni mkono chini ya jiwe: likitoka wingu zito la udongo upande wa chini na si upande wa juu, andikeni hilo kwenye daftari lenu kwa uzito uleule mnaoupa idadi ya wadudu. Mafuriko nayo husomba kila kitu, safi na kichafu, kwa hiyo msikusanye hadi zipite wiki kadhaa baada ya mvua kubwa, la sivyo mtaulaumu uchafu kwa kazi ya maji.

Sasa plekoptera. Kitabu chenu hakikudanganya. Kiliandikiwa mito mingine. Fikra ya kuyapima maji kwa viumbe wanaoishi ndani yake iliwekewa utaratibu na Wajerumani wawili, Kolkwitz na Marsson, mwanzoni mwa karne ya 20, na huko Ulaya plekoptera ni wa jamii nyingi na jenasi nyingi. Afrika Mashariki kundi hili zima linawakilishwa karibu kabisa na jenasi moja, Neoperla. Kwa hiyo kumkosa siku moja si hukumu. Ili msimpite bila kumtambua: ana mikia miwili, kila mguu una kucha mbili ilhali efemeroptera ana moja, na matamvua yake yako kifuani karibu na mizizi ya miguu kama vishada. Mkimwacha kwenye sinia juani, maji yanapopata moto na oksijeni kupungua, huanza kuupandisha na kuushusha mwili wake kwa miguu, juu, chini, juu, chini, ili maji yasogee kwenye matamvua. Mrudisheni kijitoni mkimwona anafanya hivyo.

Kwa sababu hiyo nawashauri mwachane na jedwali la Ulaya, mchukue njia iliyotengenezwa katika bara hili. Afrika Kusini ina SASS, njia ya kuupa mto alama kulingana na wadudu wake, ambayo toleo lake la tano lilichapishwa na Dickens na Graham mwaka 2002, na Watanzania wametohoa yao kutoka humo, iitwayo TARISS. Zote mbili zinadai ujuzi wa kutambua jamii za wadudu. Kwa shule ipo miniSASS, yenye makundi 13 tu, kila kundi na alama zake: plekoptera 17, efemeroptera wasio baetidi 11, trikoptera 9, kaa au kamba 6, kerengende wakubwa 6, baetidi 5, kunguni wa maji na mbawakawa 5, konokono 4, minyoo 2, ruba 2, inzi wa kila namna pamoja na mabuu wao 2, na mengineyo. Hujumlishwa alama za makundi yaliyopatikana, kisha hugawanywa kwa idadi ya makundi. Idadi ya wadudu wenyewe haiingii kwenye hesabu.

Tuijaribu kwa orodha yenu. Juu, nikichukulia kwamba efemeroptera wenu walikuwa wa aina zote mbili na kerengende walikuwa wale wakubwa, mna kaa 6, baetidi 5, efemeroptera wengine 11, trikoptera 9, kerengende 6, mbawakawa 5 na usubi 2. Jumla 44 kwa makundi 7, wastani 6.3. Chini mna inzi (ndio wale mabuu wekundu) 2, minyoo 2, ruba 2, konokono 4 na baetidi 5. Jumla 15 kwa makundi 5, wastani 3.0. Pengo hilo ni kubwa kiasi kwamba kosa dogo la utambuzi haliwezi kuliziba. Lakini tazameni hili pia: mngempata plekoptera mmoja tu upande wa juu, wastani wenu ungepanda kutoka 6.3 hadi 7.6, na kwa jedwali la Afrika Kusini la mito ya mawe mngepanda daraja zima. Mdudu mmoja, ambaye kwetu ni adimu, ana nguvu ya namna hiyo. Ndiyo maana siwashauri kuyategemea madaraja yale. Ulinganisheni upande wenu wa juu na upande wenu wa chini, mwezi kwa mwezi.

Kuhusu kunywa, jibu ni hapana, na naomba lisemwe wazi kwa wazazi. Viumbe hawa wanapima afya ya mto. Choo kimoja kinachovuja upande wa juu wa kijito kinaweza kuleta vijidudu vya homa ya matumbo au kipindupindu bila kumsumbua heptajenidi hata kidogo. Na msisahau kaa wenu. Usubi wa aina ya Simulium neavei, ambaye nchini Uganda amekuwa msambazaji mkubwa wa ugonjwa wa upofu wa mtoni, huishi akiwa buu kwa kujishikiza kwenye mwili wa kaa wa mtoni, na hupendelea vijito safi vyenye mkondo na kivuli cha msitu. Maji ya juu yachemshwe kama ya chini.

Lililobaki ni kutenganisha kahawa na senta, maana kwa sehemu mbili mlizo nazo hamwezi. Ongezeni ya tatu, chini ya nyumba na vyoo lakini juu ya mashine ya kumenya na waosha pikipiki. Kama viumbe wanaharibika hapo tayari, mwenye kahawa hana kesi peke yake. Kisha rudieni kazi yote katikati ya msimu wa kumenya na tena miezi miwili au mitatu baada ya msimu kwisha. Upande wa chini ukipata nafuu mashine zinapolala na kuharibika tena zinapoamka, mtakuwa na ushahidi ambao chupa moja haiwezi kuupinga. Wakati huohuo pimeni kwa kamba umbali wa mashine na sehemu ya kuoshea pikipiki kutoka ukingoni, kwa kuwa kanuni za mwaka 2000 za kulinda kingo za mito zinatenga mita 30 kwa mito ya kawaida, na mita 100 kwa mito mikubwa iliyoorodheshwa. Pelekeni yote hayo kwa afisa wa mazingira wa wilaya, pamoja na viumbe wenyewe.

Viumbe wahifadhiwe katika alkoholi ya asilimia 70. Waragi haifai: nguvu yake kwa kawaida haitoshi, na wadudu wataoza. Kila chupa ndogo iwe na kipande cha karatasi ndani yake, chenye jina la mahali, tarehe na jina la aliyekusanya, kimeandikwa kwa penseli. Wino wa kalamu huyeyuka ndani ya alkoholi, na chupa isiyojulikana ilitoka upande wa juu au wa chini haina kazi tena.